Mwanya Chini ya Kioo cha Bafuni

"Shemeji, maji yametoka bafuni, yamepita mlangoni, yamepiga kona, yameingia korido. Yamebakiza mlango wa mbele tu, halafu yaende zake sokoni!"

Mama Pasi aliyasema hayo akiwa amesimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, mkono mmoja kiunoni, wa pili umekamata mkoba. Mafundi waliokuwa wamekaa kwenye ngazi za duka wakisubiri kuitwa kazini walitega masikio wote. Hawakutaka kupitwa hata na neno moja.

Aliyekuwa akiambiwa ni fundi wa vigae, mdogo wa marehemu mumewe. Alikuwa amechuchumaa anafuta mwiko wake kwa kipande cha gunia, na aliendelea kuufuta ingawa ulishatakata.

"Shemeji, si twende tukaongelee nyumbani?"

"Nyumbani kuna maji!"

Ngazi nzima iliangua kicheko. Fundi alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wageni.

"Nakudai siku moja," Mama Pasi aliendelea. "Siku moja tu ya kazi. Ulimaliza bafu, ukasema ile kona imezama, utarudi kuiweka sawa. Kaka yako alikuwa hai. Sasa kaka yako hayupo, mimi nimeota mvi, na wewe bado."

"Bado kidogo, shemeji," mmoja wa wale mafundi alidakia kwa sauti ya kuigiza, na wenzake wakamalizia kwa pamoja: "Fundi Bado!"

Jina hilo Mama Pasi alilitunga mwenyewe, kwa sababu kila alipomuuliza shemeji yake habari za ile kona, jibu lilikuwa hilo hilo, bado kidogo. Akalitamka mara moja sokoni kwa hasira, likapendwa. Likafika kwa watu wanaojenga, na mtu anayejenga hapendi kumwita fundi anayeitwa Bado. Hilo la mwisho Mama Pasi hakulifikiria. Alikuwa anafikiria korido yake.

Fundi alisimama, akausogeza uso karibu ili wale wa kwenye ngazi wasisikie.

"Jumamosi nitakuja. Ila usizibe mwenyewe, shemeji. Na kama huwezi kusubiri, ziba kwa nje tu. Ndani usiguse."

"Umeanza."

"Ndani usiguse."

"Maji yako ndani, halafu nizibe nje? Hebu nipishe." Akaingia dukani, akaomba tyubu ya silikoni nyeupe na ile bunduki yake ya kuikamulia, na alipotoka aliibeba mbele ya kifua ili shemeji yake aione vizuri.

Mama Pasi alikuwa mpiga pasi kwenye duka kubwa la dobi linalofua mashuka ya hoteli na nguo za watu wenye haraka. Viganja vyake vilikuwa vimekomaa, aliweza kugusa chuma cha pasi kuona kama kimepata moto bila hata kukunja uso. Alikuwa mtu wa kutazama mikunjo. Akikuona kwa mara ya kwanza, anaanza na kola. Akikujua vizuri, anakwambia. Kazini walimheshimu na kumkwepa kwa kiasi kile kile, na msimamizi alikuwa akipita mbali na meza yake hasa siku ambazo yeye msimamizi amejipigia pasi mwenyewe.

Watoto wake walikuwa wameshaolewa na kuoa, kila mmoja na mji wake. Mume alikufa. Nyumbani alibaki na mama mkwe, bibi aliyekula chumvi nyingi na asiyetaka kusaidiwa kitu, na watu waliowafahamu walisubiri kuona nani atamtimua mwenzake. Hakuna aliyetimuliwa. Jioni Mama Pasi alikuwa akirudi, anavua viatu, anaanza kusimulia shati la nani limekuja na doa la namna gani, na mama mkwe anabisha. Anabisha kwamba doa lile si la mafuta, ni la rangi ya midomo. Anabisha kwamba yule mteja si mjane, ameachwa. Hajawahi kumwona mteja hata mmoja, lakini anabisha mpaka chai inapoa. Mama Pasi angeulizwa kama anampenda mama mkwe wake, angejibu kwamba hana muda wa upuuzi. Ila siku mama mkwe alipolazwa hospitali, alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akakaa na doa lake kichwani bila mtu wa kumbishia, na akalala mapema.

Sasa huyo mama alikuwa hatarini kuchukuliwa, na wa kumchukua alikuwa wifi.

Wifi ndiye binti mkubwa wa mama mkwe. Alikuwa na nyumba nzuri upande wa pili wa mji, na alikuja siku moja bila taarifa akamkuta mama yake ana alama ya bluu kwenye mkono. Mama alikuwa ameteleza kwenye korido asubuhi, akajishikilia ukutani. Hakuanguka. Lakini wifi hakutaka kusikia habari za hakuanguka.

"Jumapili ya mwisho ya mwezi nakuja na gari," alisema. "Nikikuta hii korido ina maji, naondoka na mama yangu. Kwangu sakafu imenyooka kama meza."

"Wifi, maji kidogo tu."

"Mfupa wa mama nao mdogo tu."

Mama Pasi akachukua tambara akaenda kupangusa korido. Kesho yake ndipo alipoenda kumpigia shemeji kelele kwenye duka.

Bafu lenyewe lilikuwa hivi. Zamani waliogea nje, uani. Mama mkwe alipoanza kuchoka kubeba ndoo, mwanawe fundi akajitolea kumjengea bafu la ndani, kwenye chumba kidogo cha stoo kilichopakana na chumba cha kulala cha mama. Akaweka vigae vyeupe, akaweka bomba la mvua, na mumewe Mama Pasi akanunua kioo cha kuzuia maji, kioo kirefu chenye fremu ya alumini, kikasimamishwa juu ya vigae kukata bafu katikati. Fremu ilikuwa imenyooka. Sakafu haikunyooka. Upande wa ukutani fremu ilikalia vigae vizuri, hata unywele haupiti. Lakini kadiri ilivyokwenda kwenye kona ya mbali, vigae vilikuwa vimezama, na pale mwishoni ungeweza kuingiza kidole kizima chini ya fremu. Maji nayo si wajinga. Yalikimbilia kule kule, yakajikusanya kwenye ile kona, yakachungulia chini ya fremu na kutoka.

Kwa miaka walikuwa wanaweka tambara. Tambara likioza wanaweka jingine.

Siku yake ya mapumziko Mama Pasi alijifunga kanga kiunoni akaingia kazini. Alifuta sakafu, akaikausha kwa taulo kuukuu, akapiga magoti. Silikoni ikatoka nene kama dawa ya meno, na harufu yake kali kama siki.

"Mwanangu, kuna nini huko?" mama mkwe aliuliza kutoka chumbani. "Umevunja chupa ya siki?"

"Nakuzibia maji, mama. Leo huogi humu."

"Nisioge?"

"Mpaka kesho. Nitakuletea beseni."

"Siku nisipooga mniite marehemu," mama mkwe alisema, na hakuwa anatania. Alikuwa mtu wa kuoga alfajiri na kuoga jioni, mvua au jua, mzima au mgonjwa. Siku hiyo Mama Pasi alishinda nyumbani, akamletea beseni chumbani, na mama mkwe akajipangusa huku amenuna kama mtoto aliyenyimwa kucheza.

Mama Pasi aliziba nje, mstari mzima. Kisha akaziba ndani, mstari mzima, na kwenye ile kona akakamua mpaka ikawa kilima. Alipomaliza aliinama akaona matundu madogo kwenye fremu, upande wa ndani, chini kabisa, yamepangwa kwa nafasi sawa.

"Ona uzembe," alisema peke yake. "Wamepiga kioo matundu wakayaacha wazi." Akayaziba nayo, moja baada ya jingine, na kila moja akalipitishia kidole kwa mkandamizo wa mtu anayenyoosha kola.

Jumamosi shemeji alikuja kama alivyoahidi, na mfuko wake wa vifaa begani. Mama Pasi alimpokea mlangoni.

"Umechelewa, fundi. Kazi imeshafanywa."

Aliingia akatazama. Alichuchumaa, akagusa silikoni ya ndani kwa ukucha.

"Umeziba ndani."

"Nimeziba kote."

"Na haya matundu?"

"Nimeyaziba. Kuna neno?"

Fundi alinyanyuka, akamsalimia mama yake, akanywa maji, akaaga. Mama Pasi aliona kwamba ana wivu.

Na kweli, korido ilikauka. Siku ya kwanza kavu, ya pili kavu. Mama Pasi alipita pale na soksi makusudi. Akampigia simu wifi. "Wifi, Jumapili ukija njoo hata na viatu vya kitambaa," alisema, na wifi akajibu kwamba ataona kwa macho yake.

Aliyegundua ni Mama Pasi mwenyewe, Ijumaa, alipoinama chini ya kitanda cha mama mkwe kutafuta ndala. Ndala zilikuwa zinaelea. Si kuelea kabisa, lakini ukizibonyeza zinatoa maji. Akavuta kitanda. Rangi ya ukuta unaopakana na bafu ilikuwa imetuna kama jipu, na chini yake maji yanatambaa taratibu kuelekea kwenye godoro.

"Hii imeanza lini, mama?"

"Juzi."

"Na hukusema!"

"Ungenifokea," mama mkwe alisema. "Halafu ungemfokea binti yangu, halafu angenibeba. Nikaona bora niweke ndala juu kidogo."

Mama Pasi alikaa kitandani. Alipiga hesabu ya siku iliyobaki na hakuipenda. Kisha akameza mate, akameza na kiburi kidogo, akaenda kumtafuta shemeji.

Hakumkuta dukani. Alimkuta kwake, kwenye chumba chake cha kupanga, anapika. Hakuna aliyekuwa amemwita kazini wiki ile.

"Shemeji," Mama Pasi alisema akiwa bado mlangoni. "Maji yamehamia chumbani kwa mama."

Fundi alizima jiko. Hakusema nilikwambia. Mama Pasi alisubiri alisikie hilo neno ili apate pa kuanzia, na halikuja, na hilo lilimuudhi zaidi.

Jumamosi asubuhi na mapema alikuwa bafuni kwao. Alitoa wembe akaanza kukwangua silikoni yote, ya nje na ya ndani, ikatoka kwa vipande virefu kama maganda ya viazi.

"Njoo uone," alimwita. "Kioo hiki hata ukifunge vipi, maji yataingia kwenye fremu. Yanapita huku juu kwenye viungo, yanashuka ndani ya alumini. Yakishuka, yanatokea hapa." Akachukua njiti akatoboa lile tundu la kwanza, na maji machafu, meusi, yenye harufu ya mtungi wa maua, yakamwagika kurudi upande wa kuogea. Akatoboa la pili, yakamwagika tena. "Haya matundu ndiyo mlango wao wa kurudi. Wewe umeyafungia mlango, yakatafuta dirisha. Yamefuata fremu mpaka ukutani, yakapita."

"Kwa hiyo uzembe ni wangu."

"Wa matundu ni wako. Wa kona..." Akaigeukia fremu. "Nipe taulo."

Alikausha mpaka kwenye fremu akapulizia kwa mdomo. Akaweka pima maji juu ya vigae, na kile kipovu kikakimbilia upande wa ukutani na kugoma kurudi. Akatikisa kichwa kama mtu anayemwona jamaa yake wa zamani. Kisha akatoa kamba ya sponji, nene kiasi, akaisokomeza chini ya fremu kwenye ile kona kuanzia pale mwanya unapopanuka. Alieleza kwamba silikoni haiwezi kuruka pengo kubwa hivyo. Ukiijaza peke yake itakauka juu, ndani itabaki bwabwa, itapasuka. Sponji ndiyo inayoibeba. Akabandika tepu ya karatasi, mstari mmoja kwenye vigae na mmoja kwenye alumini, akakamua silikoni katikati kwa upande wa nje tu, akachovya kidole kwenye maji ya sabuni akakipitisha mara moja, bila kurudia. Alipozivua tepu, mstari ulibaki umenyooka kuliko kitu chochote kilichokuwamo ndani ya bafu lile.

Mama Pasi, ambaye anajua mstari akiuona, alisema, "Hapo sawa."

"Ile kona itabaki na dimbwi dogo. Kulitoa mpaka nivunje vigae. Ila halitatoka nje." Akafuta kidole. "Sasa asioge mtu humu mpaka kesho saa kama hizi. Hata tone. Hasa mama."

"Nimesikia," mama mkwe alisema kutoka chumbani.

"Leo nina zamu," Mama Pasi alisema. "Kuna shela la bibi harusi na mashuka ya hoteli nzima."

"Basi nikae hapa mimi," fundi alisema. "Nimwangalie."

"Umwangalie nini? Mtu mzima huyo, halindwi kama shamba. Nenda kajitafutie kazi."

Fundi alibeba mfuko wake. Aliondoka akigeuka nyuma.

Mama Pasi alirudi alasiri, miguu imevimba, harufu ya mvuke wa pasi imemganda nyweleni. Aliufungua mlango akasimama kizingitini. Alisikia maji. Maji, na juu ya maji sauti ya mama mkwe anajiimbia.

"Mama!"

"Namalizia!"

Aliusukuma mlango wa bafu. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kwenye ile kona, anajimiminia kwa kopo kwa adabu kubwa, na mguu ameunyoosha nje ya kioo, kupitia uwazi wa kuingilia, ili usiloe. Kisigino kilikuwa kimekanyaga silikoni mbichi. Alipojaribu kukirudisha, ilimfuata, ikavutika kama bazoka iliyotafunwa.

"Nimeoga upande huu tu," alisema. "Taratibu. Hata bomba sijafungua, nimetumia ndoo."

"Mama, umeambiwa nini asubuhi?"

"Nimeambiwa. Lakini kesho binti yangu anakuja, nimpokee nanuka?"

Mama Pasi alivuta pumzi ya kumtolea uvivu. Alikuwa nayo tayari, ndefu, ya tangu asubuhi. Ndipo akakiona kigoda. Kigoda kile cha mbao kiliyumba kila mahali nyumbani. Jikoni kiliyumba, ukumbini kiliyumba, ulikuwa huwezi kukikalia bila kutia kipande cha karatasi chini, maana mguu mmoja ulikuwa mrefu. Pale kwenye sakafu mbovu kuliko zote kilikuwa kimetulia tuli. Ule mguu mrefu ulikuwa umeingia kwenye kishimo cha kigae kilichozama, ukakaa kama ulipimwa.

"Mbona hakiyumbi hapa?"

"Hapa hakijawahi kuyumba. Hapa ndipo pake."

"Tangu lini?"

Mama mkwe alianza kutafuta sabuni iliyokuwa mkononi mwake.

"Mama. Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile." Akaona hamna pa kwenda, kisigino chenyewe kimegandia. "Mwanangu alipomaliza kuweka vigae alituambia tusiingie mpaka vishike. Ninyi mkaenda makazini. Vigae vinang'aa, vyeupe, bafu langu mwenyewe, na joto lile! Nikasema nioge mara moja tu. Kigoda kikazama kidogo. Hivi, kidogo."

"Na yeye alijua?"

"Alirudi jioni akaona alama. Akaniuliza kama nimeumia. Nikasema sijaumia. Akasema nyamaza, mama, nitasema ni mimi."

"Na mimi kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii!"

"Wewe?" Mama mkwe alimtazama moja kwa moja. "Ulikuwa bado mgeni kwetu, na mdomo ule. Niliogopa."

Mama Pasi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikumbuka jinsi alivyosimama mbele ya lile duka. Alikumbuka soko. Alielewa pia kwa nini shemeji hakurudi kuvunja ile kona. Angevunja, angeweka vigae vipya, angesema msiingie, na mama yake angeingia.

Kisha akachukua simu.

"Shemeji. Njoo, na silikoni nyingine."

Akauliza, "Ameoga?"

"Ameoga."

Alisikia anacheka. Alicheka muda mrefu, kicheko ambacho Mama Pasi hakuwahi kukisikia kwake tangu kaka yake azikwe, na mwishowe akasema yuko njiani.

Kazi ilirudiwa alasiri hiyo hiyo, sponji, tepu, kidole na maji ya sabuni. Mama mkwe alisuguliwa kisigino kwa mafuta ya taa. Usiku alilala chumba cha Mama Pasi, na mlango wa bafu wakaufunga kwa ufunguo, na ufunguo Mama Pasi akaulalia.

Wifi alifika Jumapili asubuhi, amevaa viatu vya kitambaa kama alivyoambiwa, na begi tupu mkononi. Alipita koridoni akitazama chini. Akafika bafuni, akakuta mlango umefungwa.

"Hapafunguliwi maji mpaka alasiri, wifi," Mama Pasi alisema.

"Ahaa. Kwa hiyo bado."

"Inakauka."

"Kwa huyu ndugu yangu kila kitu kinakauka tu." Wifi alimgeukia fundi aliyekuwa amekaa pembeni na kikombe cha chai. "Bafu la mama yako mzazi! Ungeweka vigae vyema siku ile, leo tusingekuwa hapa. Watu wanakuita Bado, na mimi napita njiani naona haya. Hivi siku ile ulikuwa unafikiria nini?"

Mama Pasi alikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi, limeshavaa viatu. Akamtazama mama mkwe, na mama mkwe alikuwa ameushika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili. Angemwambia wifi kwamba mama huambiwa asiingie akaingia, kwamba jana tu amerudia, wifi angesema basi, huyu ni wa kukaa na mtu wa kumwangalia mchana kutwa, na hapa mchana hakuna mtu. Na angekuwa amepata sababu yenye nguvu kuliko maji.

Akamtazama shemeji. Shemeji alitikisa kichwa kidogo sana, akanywa chai.

"Nilikuwa na haraka, dada," fundi alisema. "Nisamehe."

"Haraka! Fundi Bado na haraka!"

Mama Pasi aliinuka akaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Alasiri wifi aliingia bafuni mwenyewe. Alifungua bomba la mvua lote, akamwaga ndoo, akamwaga nyingine, akatandaza karatasi za kufutia kando ya kioo kwa nje na kwenye kona, akatandaza nyingine chini ya kitanda cha mama, alikoona rangi ya ukuta imetuna. Wote walisimama koridoni kama wanasubiri matokeo ya mtihani. Maji yalizunguka, yakajikusanya konani, yakalamba chini ya fremu, yakakosa njia. Yaliyoingia kwenye alumini yakatokea kwenye matundu yake na kurudi ndani. Wifi aliokota karatasi moja moja, akaziweka shavuni.

"Kavu," alisema, kama aliyeibiwa.

"Basi," mama mkwe alisema. "Ulipita kunisalimia, nimefurahi. Kaa unywe chai, halafu urudi na begi lako kabla giza halijaingia."

Wifi aliondoka. Alimwachia mama yake busu na vitisho, na akamwambia Mama Pasi kwamba karatasi zikilowana siku moja tu, atajua. Mama Pasi alimwambia karibu tena, na safari hii alimaanisha kidogo.

Fundi alikuwa anakusanya vifaa vyake. Mama Pasi alimfuata hadi mlangoni.

"Ungeniacha niseme."

"Ungesema, angemchukua."

"Na jina?"

"Jina limeshakuwa jina, shemeji. Hata dukani wananiandikia hivyo risiti."

Kesho yake Mama Pasi alijaribu kulifuta. Alipita pale dukani, na mmoja wa mafundi akamuuliza, "Mama, Bado kamaliza?" Akajibu kwamba shemeji yake anaitwa fundi, na kazi yake haina mfano. Wakadhani anakejeli, wakacheka zaidi. Aliondoka amekunja uso, akijua kwamba alichokitupa mwenyewe sokoni hakiokoteki.

Siku yake ya mapumziko alibeba pasi ya nyumbani na blanketi la kutandika mezani, akaenda kugonga kwa shemeji.

"Kuna nini? Maji?"

"Hakuna maji. Lete nguo zako."

"Nguo zipi?"

"Zote. Za kazini, za kutokea, mashuka, mapazia. Nimekupotezea wateja kwa mdomo wangu, na siwezi kukurudishia. Siku ya kazi naweza."

"Shemeji, wewe ndiye uliyekuwa unanidai."

"Nilikuwa nadai kwa mtu siye. Toa nguo, umeme unakatika ovyo mtaani kwenu."

Alibisha kidogo kwa adabu, kisha akatoa. Zilikuwa nyingi kuliko alivyotarajia, na mbaya zaidi. Mama Pasi alimtukana kwa kila shati, alimuuliza kama huwa analala na saruji, alimkataza kununua tena kitambaa cha aina ile. Fundi alikaa kwenye ngazi ya mlango akimjibu mara moja moja. Jua likazunguka nyumba. Alipomaliza pazia la mwisho, alilikunja, akaliweka juu ya rundo, akachomoa pasi.

"Tumemalizana?" aliuliza.

Fundi alitazama rundo lile lililonyooka pande zote.

"Tumemalizana, shemeji."

"Haya," Mama Pasi alisema, na akakaa kwenye ngazi kando yake kungoja pasi ipoe.